Gaudiosa wa Dui Dui

Gaudiosa wa Muleba ameishi Guangzhou miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo neno lililomlisha ni moja tu: dui. Maana yake ndiyo. Mchina akisema jambo akalielewa, dui. Asipolielewa, dui dui, na kichwa kinaitikia. Bei anazijua, rangi anazijua, mengine yote alikuwa akiyameza. Lakini huko nyumbani sifa zilikuwa zimeenea kwamba Gaudiosa Kichina anakimwaga kama maji, naye hakuzikanusha, kwa sababu ndizo zilizomletea wateja wa kuwaagizia nguo.

Ndipo akaja Bertila kutoka Muleba, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, kuchukua magauni arobaini ya jubilei ya parokia. Yalikuwa yameshonwa Shahe, kwenye soko la nguo, kwa laoban mmoja, bosi wa kike asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo dukani kwa laoban, Bertila akafungua mfuko wa kwanza, akajaribu gauni juu ya nguo zake. Likagoma mabegani. Akachukua kubwa kuliko yote, nalo likamkaba kifuani, mikono ikabaki juu kama ya mtu aliyekamatwa na polisi. Na Bertila ndiye mwembamba wao. Sauti ya kwanza nzima ni akina mama walioshiba. Jubilei ilikuwa imebakiza wiki tano.

Mwenye akili angenyamaza kwanza, Gaudiosa akachachamaa. Akamgombeza laoban kwa Kichina chake cha bei, akachanganya na Kihaya, ilimradi kelele zitoke. Kisha akamgeukia Bertila akamwambia Wachina ndivyo walivyo, unawaambia hivi wanafanya vile.

Laoban akachukua simu, akatafuta mazungumzo yao ya sauti ya mwezi uliopita, akayapitisha kwenye programu ya kutafsiri, akaigeuza simu upande wao. Mashine ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Magauni haya yashonwe kwa saizi za Kichina?" Ikafuata sauti ya Gaudiosa mwenyewe, imejaa furaha: dui, dui. Mashine ikaitafsiri na hiyo. Ndiyo, ndiyo.

Jamani, aibu. Masikio yakamwaka moto, jasho likamtoka na feni inampuliza usoni. Angeweza kusema simu imekosea. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akamtazama Bertila, gauni bado limemng'ang'ania, akashindwa.

"Dada Bertila," akasema, macho chini, "mimi Kichina sikijui. Nasema ndiyo kwa kila kitu."

Bertila akajikwamua polepole, akakaa juu ya robota la nguo.

"Nilijua tangu juzi," akasema. "Uliagiza supu ya kuku, ukaletewa miguu yake. Ukasema ndicho ulichotaka, ukaimeza bila kutafuna. Nikaona haya kukuuliza. Na tangu Muleba nilijiuliza mbona hakuna anayetaka vipimo vyetu, nikanyamaza nisionekane mshamba. Basi tumefanya wote, mdogo wangu."

Maneno hayo yalimchoma Gaudiosa kuliko matusi ambayo angetukanwa.

Laoban akashika ubavu wa gauni, akasema kitu kirefu, kisha akasubiri. Kichwa cha Gaudiosa kikaanza kuitikia chenyewe. Akakizuia.

"Ting bu dong," akasema. Sielewi. Neno ambalo mgeni yeyote wa Guangzhou hulijua wiki ya kwanza, naye kalikimbia miaka tisa.

Laoban akarudia polepole. Gaudiosa akasema tena hajaelewa. Laoban akaleta futi kamba na kipande cha kitambaa kilekile, akakipachika ubavuni kwa pini, akanyoosha vidole: siku kumi. Bertila akainua mikono apimwe.

Laoban hakucheka hata kidogo. Alipima, akaandika, akauliza vipimo vya wanakwaya wengine, na kila Gaudiosa alipokwama alirudia tu, kama jambo la kawaida. Hapo ndipo Gaudiosa alipolia.