Siku Baba Alipoomba Kuwa Mtu wa Hapa

Hivi karibuni niliamka asubuhi, nikafunga mlango wa chumba nilichopanga mtaa wa Mafubira, Jinja, nikatoka bila kujua ninakokwenda. Ndiyo desturi yangu, na walionizoea hawaniulizi tena. Nilikuwa sijaamua bado kati ya njia ya kushoto na ya kulia, mara harufu ya buni inayokaangwa na tangawizi ikanikamata. Kijana mmoja alikuwa akiikoroga kwenye kikaango cheusi mbele ya kibanda chake, huku akikohoa kwa moshi. Nikaketi kwenye benchi lake, nikaagiza kikombe, na safari yangu ya siku hiyo ikaishia pale pale. Nilikuwa nimekwisha kurudi miaka ya hamsini, mimi Zena, msichana mwenye makovu magotini, ndani ya hoteli ya Baba.

Hoteli, ndivyo tulivyokiita chumba kile cha mabati karibu na stesheni ya Jinja. Baba yangu aliitwa Salehe. Alitoka Yemeni akiwa kijana asiye na ndevu, akazunguka Mombasa, Kisumu na Mbale akipika katika majiko ya watu, hata alipofika Jinja akakutana na Mama, binti wa Kisoga aliyekataa kumpunguzia bei ya ndizi. Akakaa. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa, na watu wa kila kabila walikuja kwetu kunywa kahawa na kula mandazi. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikikata kwa kipimo cha mdomo wake. Nyumbani pia tulizungumza Kiswahili, isipokuwa Mama alipokasirika. Hapo Kisoga kilimtoka kama maji ya moto, na Baba akajifanya hakijui.

Yemeni haikuwa chini ya Mwingereza, kwa hiyo Baba alihesabiwa mgeni kamili. Alikuwa na karatasi iliyopaswa kuongezwa muda polisi kila baada ya kipindi fulani, na siku ya kwenda alituaga. Alitubusu utosini mmoja mmoja, akampa Mama funguo za hoteli, akatugawia halua. Mimi niliipenda sana siku hiyo. Nilikuwa nikimwuliza, "Baba, utakwenda lini tena polisi?" Naye alicheka, akanipa kipande kingine.

Kisha siku moja alirudi bila kucheka. Alikuwa ameambiwa kwamba karatasi hiyo huenda isiongezwe tena. Aombe uraia wa Mwingereza aliyetutawala, na akikataliwa, ajiandae kurudi kwao na familia yake.

"Kurudi?" Mama akasema. "Mimi nitarudije mahali ambapo sijawahi kwenda?"

Basi ombi likapelekwa, na maandalizi yakaanza. Mwalimu mkuu alikuwa jirani yetu Kalasinga, fundi seremala kwenye bwawa, mtu wa kilemba cha samawati na sauti ya kuamsha mtaa. Yeye alijua Kiingereza, na alikuwa na hakika kwamba usaili utakuwa wa Kiingereza, maana Mzungu gani atauliza kwa lugha nyingine? Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa sababu nilisoma, ingawa shule na mimi tulikuwa tumeanza kuchokana. Kila jioni Baba alisimama katikati ya hoteli, mikono ubavuni, Kalasinga akimpiga maswali huku wateja wakitazama kama watu walioingia sinema bure.

"Nani natawala sisi?" Kalasinga alinguruma, kwanza kwa Kiswahili ili Baba aelewe, kisha kwa Kiingereza.

Baba alijibu jina la Mfalme na vyeo vyake vyote kwa pumzi moja. Ilimchukua wiki kadhaa kulifikia jibu hilo. Siku moja tukasikia redioni kwamba Mfalme amefariki, na sasa anatawala binti yake. Baba aliketi juu ya gunia la sukari, akashika kichwa.

"Maskini," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshamjua vizuri."

Tukaanza upya na Malkia.

Wateja hawakumpa nafasi ya kupumua. "Salehe, ukiwa Mwingereza utatuuzia mandazi kwa uma na kisu?" Mwingine akadakia, "Huyu atatutoza kodi ya kukaa kwenye benchi!" Baba aliwajibu kwamba watakaolipa kodi kwanza ni wale wanaokopa chai. Wao walicheka, lakini mimi niliyachukua yote kwa uzito. Kila asubuhi nilimchungulia akinyoa ndevu, nione kama ameanza kuwa mweupe. Niliogopa mambo mawili: akikataliwa, tutapelekwa Yemeni, na akikubaliwa, atageuka Mzungu, asile tena nasi kwa mkono. Sikujua nimwombe Mungu lipi.

Wito ukaja wa kwenda Mbale, kwa kuwa faili lake lilikuwa huko tangu alipokuwa mpishi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, Kalasinga yuko kazini, kwa hiyo nikaenda mimi. Tuliondoka alfajiri bila kujua tutalala wapi, maana watu aliowajua Baba huko walikuwa wamekwisha kutawanyika. Yeye alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mimi nilibeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na dele la shaba la kahawa lililofungwa blanketi lisipoe, finjani, na halua iliyofunikwa jani la mgomba. Baba hakuwahi kwenda kwenye nyumba ya mtu mikono mitupu, na kwake ofisi ilikuwa nyumba tu yenye viti vigumu.

Basi lilipita Iganga na Tororo, vumbi jekundu likitupaka kope. Baba alinong'ona majibu njia nzima, hata mwanamke aliyeketi mbele yetu akahama akidhani anasomewa uganga. Mchana tukaingia Mbale, mlima umesimama nyuma ya mji kama ukuta uliojifunika mawingu.

Ofisini tulikuta benchi refu kwenye veranda. Palikuwa na mwanamke wa Kigisu aliyejifunga khanga mbili. Aliitwa Mama Khainza, na alikuja kuomba kibali cha kuuza sokoni. Pembeni yake alikuwa askari jela mnene wa kabila la Wateso, aliyetaka likizo ya kwenda kwao, na mlangoni alisimama afande mrefu mwenye bunduki. Nikaona kuku miguuni pa Mama Khainza, amefungwa miguu, na karibu na buti za askari jela kibuyu cha asali. Nikafurahi kuona si sisi peke yetu tuliofunzwa adabu.

Jina la Baba likaitwa. Tukaingia.

Afisa alikuwa Mzungu wa makamo, uso umeiva kwa jua. Alimtazama Baba, akamwuliza kwa Kiingereza, taratibu kabisa, anaitwa nani.

Swali hilo halikuwamo katika mafunzo. Swali la kwanza la Kalasinga lilikuwa la mtawala. Baba akakaza mikono ubavuni na kwa sauti iliyotikisa kioo cha dirisha akajibu jina la Malkia, na vyeo vyake vyote.

Afisa aliweka kalamu chini. "Wewe?" akauliza.

"Yesi sa," Baba akasema.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Afisa akauliza jambo jingine, na Baba hakuambulia hata neno. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola ya kanzu. Afisa akanuna, na Baba, masikini, akafanya lile alilolifanya maisha yake yote alipoona mtu amenuna mbele yake. Alinipokonya kikapu, akaweka halua juu ya mafaili, akamimina kahawa.

"Hii kitu gani?" Afisa aliruka kwa Kiswahili cha kambini. "Hii hongo! Wewe nataka kununua mimi kwa halua? Ondoa! Toka nje, ngoja huko mpaka mimi naita!"

Mlango ulikuwa wazi. Tulipotoka, benchi zima lilikuwa limesikia. Kibuyu cha asali hakikuonekana tena, na askari jela alikuwa amekaa wima, macho juu, kama mtu anayesali. Mama Khainza alikuwa amenenepa ghafla tumboni, na tumbo lake lilisema, "Kwekwekwe."

"Nyamaza wewe," akaliambia tumbo. "Unataka tufungwe?"

Afande aligeuza uso ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Lakini mimi nilimwona Baba tu. Alikuwa amesimama na kile kikapu kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Mara akavuta pumzi, akafungua blanketi. Hakuweza kukirudisha nyumbani chakula kilichotolewa kwa ajili ya watu, hata siku ya kufukuzwa. Akagonganisha finjani mbili, kele, kele, kama afanyavyo hotelini.

"Afande, wewe kwanza," alisema. "Umesimama tangu asubuhi."

Afande alitazama mlango wa ofisi, akatazama dele. "Lete," akasema chini kwa chini. "Mimi sina kibali cha kutoa. Hakuna wa kunihonga."

Baada yake akanywa askari jela, ambaye Baba alimsalimu "Yoga" kwa Kiteso, akamfurahisha hata kibuyu kikajitokeza chini ya benchi. Mama Khainza alisalimiwa kwa Kigisu, "Mulembe," naye akatoa mkono mmoja kupokea halua, mwingine ukishikilia tumbo.

"Lakini wewe Mwarabu umefanya kosa gani?" akamwuliza.

"Nimeomba kuwa mtu wa hapa, mama."

"Mbona umekula huku, umeoa huku? Ulikuwa wa wapi siku zote?"

"Mwulize bwana aliye ndani."

"Sasa ukiwa Mwingereza," afande akaingilia, "mimi nitakupigia saluti?"

"Utanipigia saluti, na kahawa utalipa."

"Basi nyongeza nipe sasa, kabla cheo hakijaja!"

Wakaangua kicheko. Baba alianza kuwasimulia jinsi alivyomjifunza Mfalme wiki baada ya wiki, kisha Mfalme akamfia. Akamwigiza Kalasinga, akaigiza wateja, akamwigiza Mama akigoma kupunguza bei, kwa Kisoga chake chote alichojifanya hakijui nyumbani. Mimi niliduwaa. Mikono yake ilikuwa imelegea, na maneno yalimtoka kama siku zote. Kuku naye alichungulia kwenye upindo wa khanga.

Ni afande aliyenyamaza kwanza, akagonga visigino. Afisa alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alikuwapo tangu lini.

"Bwana Salehe," akasema, "nani alisema kwako lazima Kiingereza?"

"Kalasinga, bwana."

"Sheria nasema Kiingereza, ama lugha nyingine ya watu wa hapa. Mimi nimesikia lugha ngapi hapo nje, hata sijui." Alikuna shingo. "Bado swali moja. Kwa nini wewe nataka uraia?"

Kwa hilo tulikuwa na jibu zuri la Kalasinga, lenye utiifu na bendera. Nikamvuta Baba kanzu kumkumbusha. Hakunitazama.

"Bwana, kila nikienda polisi na ile karatasi nawaaga watoto wangu, maana sijui kama nitarudi. Huyu hapa anadhani ni sikukuu." Aliweka mkono kichwani pangu. "Mimi nataka nikitoka, nitoke tu. Nisiage."

Afisa aliingia ndani, tukasikia kalamu ikikwaruza. Aliporudi alisema ataandika kwa Gavana kwamba yeye hana pingamizi, na karatasi itafuata. Kisha akainama kidogo kuelekea kikapu.

"Ile kahawa imekwisha?"

"Bado finjani moja, bwana."

"Basi leta. Kazi nimemaliza, sasa si hongo." Akainywa pale pale amesimama kati ya afande na Mama Khainza, tangawizi ikamwasha ulimi, akajifanya haikumwasha.

Cheti chenyewe kilikuja miezi kadhaa baadaye, na Mama alikiweka mahali pema hata ikawa taabu kukipata. Siku hiyo siikumbuki sana. Ninayoikumbuka ni jioni ile ya Mbale, basi la kurudi limekwisha kuondoka, na sisi tumesimama barabarani tukicheka bila sababu.

"Mtalala wapi?" Mama Khainza akatuuliza. Alikuwa amepata kibali chake.

"Mungu anajua," Baba akajibu.

"Na mimi pia najua. Njooni."

Tukamfuata hadi mtaa wa Namatala, kupitia vichochoro vya moshi wa kuni, watoto wakimfuata kuku aliyekuwa sasa anatembezwa wazi chini ya kwapa. Chumba chake kilikuwa kimoja, na pazia katikati. Alitutandikia mkeka upande wa mlangoni, akaweka maji ya kunawa. Baba alikuwa kizingitini akivua viatu, ndipo jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua:

"Mama Khainza, hao wageni wa wapi?"

"Watu wa Jinja!" akajibu, na kuendelea kupuliza moto.

Baba alisimama na kiatu mkononi. "Amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema sisi ni watu wa Jinja."

"Sema tena."

Nikasema tena. Aliitikia kwa kichwa polepole, akaweka kiatu chini, akaingia. Wakati ule nilidhani masikio yake yamezibwa na vumbi la safari. Nimelala katika nyumba nyingi za watu tangu hapo, katika miji ambayo sikujua majina yake mpaka nilipofika, na kila mara jirani huuliza swali lile lile kutoka uani. Ninajibu haraka, kwa neno moja, kisha naingia kulala. Baba alikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini aliposikia kwa mara ya kwanza mtu akimjibia kwamba ni wa huku.