Jinsi Nilivyofomati Sauti ya Papa Furaha

Hii sikutaka kuisimulia, lakini Kakuma wanaijua wote na Lodwar wanaijua nusu, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi kuliko hao wanaoongeza chumvi (ingawa kusema kweli hakuna cha kuongeza, ilishakolea yenyewe). Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika chuo kidogo hapa Lodwar, watu wananiita Madam Akiru, na mbele ya kanisa zima nilishindwa kufungua video moja ya mtu anayeimba, kwa sababu nilikuwa nimeifuta mimi mwenyewe, polepole, kwa makusudi, huku nikitoa maelezo.

Nianzie kwa Bienvenu. Huyu ni Mkongomani, mpiga kinanda wa kwaya moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtu mzima mpole ambaye niliwahi kumfundisha kozi ya kompyuta na hata baada ya kozi akaendelea kuniamini, maskini. Alinijia na diski ya kwaya, zile za nje za kuchomeka kwa waya, ya giga mia tano, karibu imejaa video zao zote tangu kwaya ianzishwe. Ilikuwa na kirusi, kile kinachoficha folda zako na kukuwekea badala yake vimshale vya njia ya mkato, ukibonyeza kimoja vinazaliwa vingine. Lakini kirusi ndiyo ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni mjane, mwimbaji wa kwaya hiyo hiyo, na jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa, anasafirishwa ng'ambo na binti yake Jumatano. Mumewe ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya. Wanamwita Papa Furaha ingawa huyo Furaha, binti yao, hakuwahi kumwona, alizaliwa miezi mitatu baada ya mazishi, sasa ana miaka sita. Simu ya marehemu ilipotea zamani, picha zipo mbili za karatasi, na sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, yaani ndani ya ile diski: anafundisha nyimbo, anatania waimbaji, anawagombeza wa sauti ya tatu. Jumamosi wangefanya ibada ya kumuaga Mama Furaha na kuonyesha hizo video kwa projekta, na mtoto alikuwa ameshaambiwa kwamba Jumamosi utamsikia baba. Bienvenu aliniambia hayo yote akiwa amesimama, na diski ameishika kwa mikono miwili.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kulala. Tunakopi kila kitu kwenye flashi mpya atakayosafiri nayo Mama Furaha, tunaifomati diski, yaani tunaifuta yote, ili kirusi kife, kisha tunarudisha video kwenye diski ibaki na kwaya. Kila mtu na nakala yake.

Flashi nikaenda kuinunua mwenyewe, kwa kiherehere changu, kutoka kwa mchuuzi wa vitu vya simu pale karibu na stendi, aliyesema mzigo wake umeshuka na malori ya Lokichoggio. Flashi ya tera mbili, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa bei ndogo ambayo ingetosha kunishtua kama ningekuwa mtu wa kushtuka. Sikushtuka, kwa sababu mimi mjanja. Nilifungua laptop yangu pale pale juu ya meza yake, nikaichomeka, na kompyuta ikaonyesha tera moja nukta themanini na moja. Basi nikatabasamu, nikawaeleza waliokuwa wamesimama (hakuna aliyeniuliza) kwamba hiyo ndiyo dalili ya flashi halali, maana kiwandani wanahesabu kwa elfu moja kamili na kompyuta inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne, kwa hiyo tera mbili za kiwandani lazima zisomeke moja nukta themanini na moja. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mtu anayeweza kuifundisha flashi kusema uongo kuhusu ukubwa wake hashindwi kuifundisha kusema uongo wenye hesabu nzuri, na hilo sikuliwaza hata kidogo.

Ilikopi siku mbili mfululizo. Ilipomaliza nikafungua video tatu za mwanzo, zikacheza vizuri, nikaangalia majina mengine yote, yapo, na ukubwa wa kila faili upo. Nikaridhika.

Sasa ikaja ile fomati. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nina darasa la watu ishirini na kitu, na Bienvenu amekaa kiti cha nyuma akisubiri diski yake, nami nikaona huu ni mfano mzuri wa somo. Nikaanzia mbali. Nikawatolea diski ya zamani ya plastiki, ile nyembamba ya mraba ambayo ofisi za Lodwar zilikuwa zikiitumia kabla wengi wao hawajazaliwa, nikawaambia hii nzima haitoshi picha moja ya simu zenu. Nikaeleza kwamba diski yoyote, ya zamani au ya sasa, ni kama daftari: kuna ukurasa wa mwanzo wenye orodha ya yaliyomo, na kuna kurasa zenyewe. Ukifomati kwa haraka unachana orodha tu, kurasa zinabaki na maandishi yake, na fundi akitaka anazisoma zote. Ukifomati kikamilifu, kompyuta za siku hizi zinapita ukurasa kwa ukurasa zikiandika sifuri, na hapo hata fundi awe nani harudishi kitu.

Kwenye skrini kuna kisanduku kidogo kinachosema fomati iwe ya haraka. Huwa kimeshawekwa tiki, hata usipokigusa. Kwa kirusi kile, fomati ya haraka ilitosha, na hilo nilikuwa nalijua.

Bienvenu akainua mkono kama mwanafunzi. Akauliza kama si vizuri kuiacha diski kwanza hivyo hivyo mpaka Jumamosi ipite. Ni swali la maana, na leo nikimkumbuka na mkono wake juu najisikia vibaya. Lakini darasa lilikuwa linanitazama, na mimi nikishapata watu wa kunitazama nakuwa kitu kingine, basi nikamjibu huku nacheka kwamba kirusi kinaweza kujificha kwenye kurasa, na kwamba sisi mafundi hatufanyi vitu vya haraka haraka. Nikaitoa tiki, nikabonyeza. Ilichukua mpaka jioni, sifuri baada ya sifuri, na muda wa kurudisha video kwenye diski haukubaki, nikasema tutarudisha Kakuma.

Jumamosi nikafika kambini nimevaa gauni langu la kitenge jipya. Kanisa lao ni la mabati, joto lilikuwa lile la kwetu, na shuka jeupe lilikuwa limetandazwa ukutani. Watu walijaa mpaka nje, Wakongomani, Warundi, majirani zao wa Sudan Kusini, na Waturkana wenzangu waliokuja kuaga, naitika salamu yetu ya ejok huku, naitika ejok kule. Mama Furaha alikaa benchi la mbele na binti yake, kamvisha gauni la njano na soksi nyeupe.

Kama ningechomeka flashi na kukaa chini, aibu ingekuwa nusu. Lakini mchungaji alinikaribisha niseme neno moja, na mimi nikasema mengi. Niliinyanyua ile flashi juu, nikawaambia kwamba humu ndani, kitu hiki kidogo, mna kwaya yenu yote, kila wimbo, kila Jumapili, na kwamba diski ya zamani ilikuwa imechafuka lakini nimeisafisha mpaka mwisho. Wakapiga vigelegele. Flashi ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono watu waione, ikamfikia mchungaji, naye akaifunika kwa viganja vyake na kuiombea, ombi refu, la Kifaransa na Kiswahili, kwamba ilinde alichokiacha ndugu yetu. Mimi nimesimama kando nimefumba macho, najisikia mtu wa maana.

Nikachomeka. Nikafungua folda yenye jina la Papa Furaha, faili thelathini na moja, nikabonyeza ya kwanza. Pale ukutani, kwa herufi kubwa kama mlango, kompyuta ikaandika kwamba faili hii haiwezi kuchezwa.

Nikacheka kidogo, nikasema ni waya wa projekta. Nikabonyeza ya pili, maneno yale yale. Nikasema ni programu ya video, nikaibadilisha, nikabonyeza ya tatu, ya nne, nikasema ni umeme wa jenereta unapanda na kushuka, nikazima laptop nikaiwasha, kanisa zima likitazama kila ninachofanya kwa ukubwa wa ukuta, hata kimshale changu kilivyokuwa kinatetemeka walikiona. Kufika ya tisa nikawa nimeshajua. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni chini ya kitenge, lakini mdomo wangu haukusimama, ukaendelea kueleza habari za tatizo dogo la kiufundi.

Mama Furaha ndiye aliyenyanyuka. Akaja mpaka mezani, akasimama karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, iko ao haiko?"

"Haiko, mama," nikasema.

"Na kwa diski?"

Nikamwambia kwenye diski pia haiko, nimeifuta. Akarudi akakaa. Furaha alikuwa bado anatazama shuka. Hakuna aliyenitukana, nilitamani hata mmoja anitukane, na baada ya muda mtu alienda nje akazima jenereta, na wanakwaya wawili wakaanza kulikunja lile shuka.

Niwaeleze kilichotokea ili yasiwapate. Ndani ya ile flashi mlikuwa na giga thelathini na mbili tu, zilizofundishwa kujiita tera mbili. Majina ya faili huandikwa mwanzoni, kwa hiyo majina yote yaliingia. Video zikaingia mpaka nafasi ya kweli ilipojaa, na zilizobaki flashi ilikuwa inazipokea na kuzitupa huku ikisema asante. Zile tatu nilizojaribu zilikuwa za mwanzo. Na diski, kama ningeiacha ile tiki mahali pake, Bienvenu mwenyewe angezirudisha video zote kwa alasiri moja kwa programu niliyomfundisha mimi. Tuliijaribu usiku ule, ukurasa kwa ukurasa, sifuri tupu. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri.

Kilichopona ni folda ya kwanza, ya mwaka ule kwaya ilipoanza, wakati Papa Furaha alikuwa ndio kwanza amefika kambini na hajawa kiongozi wa kitu. Sikurudi Lodwar. Jumapili na Jumatatu mimi na Bienvenu tulikaa kwake tukitazama kila video ya folda ile kutoka mwanzo hadi mwisho, kimya (nilikuwa nimeishiwa maelezo), na Jumatatu alasiri Bienvenu akaweka kidole kwenye skrini. Safu ya nyuma, nyuma ya kichwa cha mtu, kijana mwembamba wa shati la mistari. Anaonekana sekunde kumi na moja.

Tukampelekea Mama Furaha Jumanne, mabegi yake tayari yako mlangoni. Akamkalisha mtoto magotini, tukacheza. Furaha akauliza ni yupi, mama yake akamwonyesha, wakarudia, wakarudia tena.

"Mbona hafungui mdomo?" Furaha akauliza.

"Alikuwa hajajua wimbo," mama yake akasema. "Ni mara yake ya kwanza, hajajua hata moja."

Mtoto akacheka. Wakaitazama mara nyingi sijahesabu, na mimi nikageuka nikatazama mabegi. Halafu nikasema ngoja niikopi kwenye simu yako, mama, na kwenye memori kadi, na kwenye flashi nyingine, nikanyoosha mkono kuchukua laptop. Mama Furaha akaweka mkono wake juu ya ule wangu, bila hasira yoyote, kama unavyomzuia mtoto asiguse sufuria ya moto.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Bienvenu atakopi."

Nikampisha Bienvenu kiti. Alikopi mara nne, sehemu nne tofauti, na kila nakala aliifungua mbele ya Mama Furaha kabla ya kuanza nyingine, na tiki zote akaziacha zilivyo. Na mimi tangu siku hiyo sifomati kitu cha mtu mpaka kwanza mwenyewe ashike nakala mkononi mwake, aifungue faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, aniambie ameona na amesikia, na muda wote huo nikiwa nimefunga mdomo.