Sinia la Bi Amparo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, kisha nashika kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimesimama sebuleni mwa nyumba isiyo yangu, kule Golden Valley, kwa wenye nazo wa huku ughaibuni, nimevaa suti, namfundisha mwigizaji mkongwe wa sinema za Meksiko namna ya kubeba sinia la chai. Mimi! Mtu niliyeacha shule darasa la sita, namfundisha kazi mtu aliyeianza kabla mamangu hajazaliwa.

Ngoja kwanza unijue. Leo hii ukiniona utaniamkia. Nina magari kumi na sita ya kubebea wazee na wagonjwa, toka Coon Rapids mpaka Oakdale, na injini ikikohoa niko jikoni nakunywa chai, ugonjwa wake naujua. Wenye digrii zao huja kuniomba kazi, nami nawapa. Sisemi haya kwa kujisifu. Ah, najisifu bwana, kwa nini nisijisifu? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza ugenini nikajitunza mwenyewe. Lakini usione vyaelea, na mimi nilikuwa na wakati wangu wa ujinga, na ujinga wangu ulikuwa mkubwa kuliko wako.

Wakati ule nilikuwa dereva tu, gari la mtu. Nilikaa Coon Rapids na wenzangu watatu, chumba kimoja, vitanda viwili, tukilala kwa zamu kama askari. Mara tatu kwa wiki nilimchukua bibi mmoja nyumbani kwa bintiye, Golden Valley, nikimpeleka hospitali kusafishwa damu. Jina lake Bi Amparo. Mwembamba, nywele nyeupe, lakini akishuka garini ungedhani bendi inamngoja. Aliniita *mijo*, ambayo kwa lugha ya kwao ni kama mimi ninavyokuita mwanangu.

Njiani alinisimulia. Alikuwa mshonaji wa nguo katika studio ya sinema, mji mkuu wa Meksiko, msichana wa miaka kumi na sita. Siku moja msichana wa kubeba sinia hakuja kazini. Mwongozaji akatazama huku na huku, akamwona yeye na sindano mdomoni. "Wewe, njoo ubebe." Akabeba. Akabeba sinia katika filamu tisa, hakuna neno alilosema ila "Ndiyo, bwana." Ya kumi wakampa maneno. Baadaye akaigiza mke wa mwasi mwenye bunduki, akawa mwimbaji wa mkahawa, akawa bibi mwenye shamba la farasi mia, watu wanapanga foleni mpaka mtaa wa pili kumtazama akilia. Kisha rangi ikaja katika sinema, televisheni ikaja, na mikunjo ikaja usoni. Wakampa kuwa mama, halafu nyanya. Filamu yake ya mwisho, akarudishiwa sinia.

Nikamwambia, "Pole sana, Bibi."

"Pole ya nini? Kwa nini unifanyie msiba?" Alinikaripia kweli kweli. "Sikiliza. Watu hawajui malkia ni malkia kwa kumtazama yeye. Wanamtazama anayembebea sinia. Mbebaji akiogopa, bwana ni mkali. Mbebaji akitabasamu, bwana ni mwema. Mabwana wote wale, mimi ndiye niliyewafanya matajiri."

Maneno mazito hayo. Mimi nikayachukua nikayatumia vibaya.

Kwa sababu nilikuwa nimeposa, mwanangu. Binti mmoja wa kwetu Mombasa, Mwanaidi, sauti yake kwenye simu ilinifanya nipite taa nyekundu. Na nilikuwa nimetuma picha. Unazijua picha zile. Leo nawaona kwenye simu zenu mmeegemea gari la bosi. Mnadhani mmeanza nyinyi? Mimi nilijipiga mbele ya nyumba ya Golden Valley, gari la kazini nimelisukuma nje ya picha. Nikaandika nyuma yake: "Kwangu." Picha ikazunguka mtaa mzima. Sasa Mwanaidi hakuwa na baba, na mjomba wake, Mzee Athmani, mwalimu mstaafu, alikuwa akiishi Ohio. Akanipigia. "Kijana, posa yako imefika. Nakuja kukuona Jumamosi. Hapo hapo kwako."

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nikaamua niazime kubwa zaidi.

Nilimwomba Bi Amparo nyumba kwa alasiri moja, bintiye akiwa safarini. Halafu nikamwomba awe kama mtumishi wangu, nionekane mtu. Nilidhani atanitemea mate. Alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka ishirini hakuna aliyeniita kazini," akasema. "Sawa. Lakini mwongozaji si wewe. Sehemu yangu nitaicheza ninavyoiona. Na swali moja, mijo. Sisi jioni ikifika tulivua zile nguo tukazirudisha kabatini. Wewe ukishaoa, utazivua lini?"

Swali hilo lilinipita. Kijana akitaka kuoa masikio hujifunga yenyewe.

Jumamosi ikafika. Picha zote za ukutani nimezishusha, sinia nimemfundisha Bi Amparo kulibeba. Mzee Athmani akaingia, kofia kichwani, koti zito, akavua viatu mlangoni, akaketi. Akatazama ukuta.

"Mbona misumari mitupu?"

"Napaka rangi, Mjomba."

"Rangi umepaka, misumari umeiacha?"

Nikapiga makofi chai iletwe. Na hapo, wallahi, sikumjua aliyeingia. Yule bibi wa bendi hayupo. Amekuja kizee mgongo umepinda, macho sakafuni, mikono inatetemeka mpaka vikombe vinaimba kwenye sinia. Badala ya kushtuka nikavimba kichwa. Utajiri wa uongo nao unalewesha.

"Mbona umechelewa? Na sukari iko wapi?"

"Samahani, bwana."

Mzee Athmani akainuka ampokee. "Lete, mama, keti wewe." Bi Amparo hakumpa. Aligeuka kwanza akanitazama mimi, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuvuta pumzi. Mtazamo mmoja tu. Nami nikasema, Mungu anisamehe, "Mwache, Mjomba, ndiyo kazi yake."

Mzee akarudi kitini. Chai hakuigusa.

"Anaitwa nani mama huyu?"

"Ah... tunamwita yaya tu."

Akakisukuma kikombe kando. Kisha akasema taratibu, kama mwalimu anayesoma matokeo: "Nyumba nimeiona, ni nzuri. Lakini Mwanaidi mimi ndiye babake. Mtu anayekaa kitako akaletewa chai na mwanamke wa umri wa nyanyake, mikono inamtetemeka, asiinuke, hata jina lake halijui, siku Mwanaidi akiugua atamfanyaje? Posa hii nairudisha." Akaenda kutafuta viatu vyake.

Umeona, mwanangu? Uongo wangu haukugunduliwa. Ulifaulu. Aliamini kila kitu, na alichokiamini ndicho kilichomchukiza.

Nilimtazama Bi Amparo. Alikuwa amenyoosha mgongo, ananingoja. Ningeweza kumwacha mzee aende, nikabaki na sifa ya nyumba kubwa, Mombasa wakaendelea kunisifu. Lakini Mwanaidi ndiyo basi. Mficha uchi hazai. Nilimkimbilia mzee barazani, kiatu kimoja amevaa, kimoja mkononi.

"Mjomba, nyumba si yangu. Mama huyu ndiye mwenyeji, nyumba ni ya bintiye. Anaitwa Bi Amparo. Mimi ni dereva wake."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kwa hivyo wewe una nini?"

"Nina nusu ya kitanda, Coon Rapids."

"Nusu nyingine?"

"Ya Juma. Analala mchana."

Nikaona masharubu yake yanacheza, lakini akajizuia. Ndipo Bi Amparo akatoka mlangoni, kichwa juu, kwa Kiingereza chake cha kuimba. "Bwana, kijana huyu ni mwongo, na mwigizaji mbaya sana. Nimefanya kazi na wabaya, huyu amewashinda. Lakini ngazi hizi ni kumi na moja. Barafu ikiganda hunibeba mgongoni, kupanda na kushuka, huu msimu wa pili wa baridi. Hakuna aliyemwamuru. Wala hakukuwa na kamera."

Mzee Athmani akazitazama zile ngazi. Akazihesabu, namwona, kwa kidole. Kisha akavua kile kiatu alichokwisha kukivaa.

"Haya. Wewe kijana, mama aketi. Chai ulete wewe."

Nikaenda jikoni. Nilipotoka na sinia mikono ilikuwa inanitetemeka ya kweli, chai imejaa kwenye visahani.

"Sasa," akasema Bi Amparo, "sasa anaigiza vizuri."

Wakacheka wote wawili, wakinicheka mimi, na sijawahi kufurahi kuchekwa namna ile. Jioni mzee akasema nimpeleke kwangu, kwangu hasa. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, Juma anakoroma nyuma yake, akala wali na maharage. Akauliza nani mpishi. Nikasema mimi. Akasema chumvi imezidi, na posa hairudishi tena.

Jumatatu nilipomchukua Bi Amparo, hakunikaripia mpaka tulipofika barabara kuu. "Mijo, kile kizee nilikuchezea makusudi. Ulitaka kuonekana mkubwa, na mtu akitaka kuonekana mkubwa hana budi amtafute wa kumfanya mdogo. Nilitaka umwone ni nani." Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameshapokea, niangalie barabara.

Alifariki miaka mitatu baadaye, na mimi na Mwanaidi tulikuwa msibani, tumekaa na jamaa zake. Mwanaidi huyo huyo yuko chumba cha pili sasa hivi, ananiuliza naandika nini muda wote huu. Ana kisukari siku hizi. Chai yake ya asubuhi naipika mimi, bosi wa magari kumi na sita, na wala sioni haya kulisema.

Basi nikuusie, mwanangu. Ukienda kuposa, ukienda kuomba kazi, ukiwapigia simu wa nyumbani, sema unapolala. Ndugu zako watastahimili kusikia una nusu ya kitanda. Hawatastahimili kujua uliwachezea mchezo. Kazi ndogo isikutie aibu, maana kazi ndogo ikifanywa vizuri huwainua wakubwa. Na kabla hujajipamba, tazama kando yako: ni nani amepindishwa mgongo ili wewe uonekane umenyooka? Ukimwona, inuka umpokee. Muulize jina lake.

Mungu akupe riziki usiyohitaji kuieleza mara mbili. Akupe mwenzi anayekujua kabla hajakukubali, na wakwe wenye macho makali na moyo mpana. Akulaze usingizi wa mtu ambaye hana haja ya kukumbuka kamwambia nani nini. Amina, na amina tena.