Mbuzi ya Mujomba

Kule liseo ya Masista, Butembo, upande wa Mususa, hakuna binti mwenye anakaa bila club. Ni sheria. Jumatano na Jumamosi, kisha chakula ya saa sita, kengele inalia na kila mutoto anashika njia yake: hawa ku chorale, hawa ku handball, hawa ku kushona, hawa ku Croix-Rouge kujifunza kufunga bandeji ku muguu wenye haujavunjika. Mwenye hana club anapewa jembe. Anaenda kupalilia bustani ya Masista pamoja na benye punition, batoto ba azabu, na ile bustani, tusidanganyane, haiishake.

Kanyere Joyeuse alipita ku club karibu zote, na zote zilimurudisha. Chorale ilimuvumilia mwezi moja. Ule binti alikuwa na sauti ya mwanaume. Si sauti ya mafua, hapana. Sauti nzima, yenye mizizi. Alikomalia mu atelier ya baba yake, Kitsa Gérard, mwenye anatengenezaka vitanda na makabati, na pale mashine ya kuranda ikishaanza kulia, mwenye haiti kwa nguvu hasikilikani. Basi siku alifungua kinywa katikati ya Gloria, masoprano yote yalikufa. Ma Sœur wa chorale alimushika mukono kwa upole.

"Mwanangu," akamuambia, "Mungu anakusikia hata ukinyamaza."

Ku handball aliangusha golikipa, na golikipa mwenyewe alikuwa wa timu yake. Ku kushona alishona sketi ya mutu pamoja na mukono ya blouse yake mwenyewe, ikabidi kumukata kwa makasi ili atoke.

Ikabaki théâtre. Na théâtre ilikuwa inamungojea, juu liseo ya babinti batupu iko na shida moja: banaume batatoka wapi? Kila mchezo unataka baba, unataka chef, unataka mulevi. Tubinti twa sauti ya kinanda tulikuwa tunavaa koti na kofia, tunasema, "Mimi ndiye baba wa hii nyumba," na salle nzima inalala chini kwa kicheko. Lakini siku Joyeuse alivaa ile koti na kukohoa tu, mulinzi wa mulango alitoa kofia yake.

Tangu pale hakuna mwanaume alioa ao alikufa mu ile salle bila yeye. Mu darasa alikuwa mutoto wa katikati, hesabu ilikuwa inamukimbia kama kuku inakimbia mvua. Pa jukwaa, hata baprof balimuita Mzee.

Sasa Ma Sœur Élise, préfète wa masomo, akachoka. Ma Sœur Élise si mutu mubaya. Ni mutu wa programme. Aliona batoto ba mwaka wa sita, benye examen inabangojea, banapaka makaa ku midomo kuwa masharubu, na roho ikamuuma. Paroisse moja ya Beni ilipoalika club iende kucheza kule, alibaita bote mbele ya bureau yake.

"Mutaenda," akasema. "Mukirudi na heshima, club inabaki. Mukirudi na haya, jukwaa ninaifunga, na zile saa zote zinakuwa za hesabu."

Alipotamka hesabu, macho yake ilienda moja kwa moja ku Joyeuse.

"Ma Sœur," Joyeuse akajibu, "mutafute kabati ya kuweka ile heshima. Baba yangu atabapunguzia bei."

Benzake bakakanyagana miguu. Lakini usiku ule ule binti alirudilia maneno ya mchezo mu bweni mpaka mwenye kitanda ya juu alimutupia kandambili. Kinywa ni kinywa. Joyeuse alijua muzuri kama théâtre ikifungwa, yeye hana mulango mwingine. Ni jembe.

Mchezo, Prof Onésime wa Kifaransa ndiye aliuandika. Mutu wa Butembo kwa jina, wa Kinshasa kwa masomo. Ulikuwa juu ya mahari. Mzee Syauswa anataka kutoa binti yake, Kavira, kwa tajiri mwenye malori. Mbuzi zinagawanywa mbele ya jamaa. Kisha binti anasimama, anasema, "Ninamaliza kwanza masomo," batu banapiga makofi, pazia. Baliucheza kwanza ku liseo na Masista bakafurahi sana. Hakuna hata moja mwenye aliona kosa yenye ilikuwa ndani. Si ajabu: Masista, nani alishakubagawia mbuzi?

Beni balifika na masweta ya baridi ya Butembo, jasho ikabashukia mpaka ku viatu. Salle ya paroisse, kule commune ya Ruwenzori, ilijaa tangu mbele ya saa: bamama na batoto ku mugongo, bapapa bakitoka ku mashamba ya kakao, hata Baprotestanti, juu kicheko haiulizake mutu kanisa yake. Ma Sœur Élise akaketi ku bench ya kwanza, pembeni ya Padri. Na mutu moja wa paroisse, jina Jacob, alikuwa ameazima club mbuzi ya kweli, kubwa, ya manyoya meupe. Yeye pia akakaa mbele, macho ku mbuzi, kama mutu mwenye ameacha pikipiki yake ku mukono ya mulevi.

Mambo ilienda muzuri. Joyeuse akaingia na koti, kofia, masharubu, akakaa miguu wazi kama mwenye nyumba. Mama moja akasema kwa sauti, "Eh, ule ni binti ao banatudanganya?" Kavira, kibibi-harusi kidogo, akainamisha kichwa muzuri. Ikafika saa ya mbuzi. Iliyokuwa pale ni moja tu, lakini ilisimamia zote; Joyeuse alikuwa anavuta kamba yake kwa kila jina.

"Hii ni yangu, baba. Hii ya mama yake. Hii ya baba-mukubwa. Hii ya shangazi mwenye alimufundisha adabu. Imeisha! Muchukue binti!"

"Haijaisha!"

Sauti ilitoka nyuma. Mutu mwembamba alikuwa amesimama juu ya bench, kidole hewani.

"Na mujomba?" akauliza. "Mujomba iko wapi?"

Ilikuwa Ézéchias, muuzaji wa kakao. Beni yote ya upande ule ilijua habari yake: mwana wa dada yake aliolewa juzi juzi, na shemeji yake, baba wa binti, alikula mbuzi yenye ilikuwa ya mujomba. Hakumupa, hakumuomba musamaha, hakumualika hata kikaoni. Na kwetu Banande, batu ba Butembo na Beni, unaweza kusahau pete, unaweza kusahau maua, hata musimamizi unaweza kumusahau. Lakini ukisahau ndugu ya mama, hauna ndoa. Uko na kesi.

Batu bakageuka nyuma. Kisha bamama bakaanza: "Eh! Ni kweli! Hii harusi haina mujomba!" "Banataka kutuletea mikosi hapa!" Nyuma ya pazia Prof Onésime alikuwa anafungua makaratasi mbele na nyuma. "Mujomba hakuna humu," akanong'ona, midomo mikavu. "Sikumuandika."

Kavira akashikwa na woga, akaruka mpaka mwisho wa mchezo: "Ninamaliza kwanza masomo!"

"Nyamaza wewe!" mama moja akamupigia kelele. "Bado tunaongea mambo ya bakubwa!"

Ézéchias akashuka ku bench, akapita katikati ya batu, akapanda jukwaa na kushika kamba. "Hii ni ya mujomba. Harusi hakuna."

"Wee!" Jacob akaruka. "Acha mbuzi yangu!"

Joyeuse akatazama chini. Ma Sœur Élise alikuwa amefunga macho, mukono moja ku rozari, ingine imeshika mufuko, kama mutu mwenye anaondoka sasa hivi. Prof alikuwa ameshika kamba ya pazia. Ikishuka tu, imeisha: ni hesabu Jumatano, hesabu Jumamosi.

Binti akakohoa. Ile kikohozi ya Mzee Syauswa, ya chini kabisa. Hata mbuzi ikageuza shingo.

"Shemeji," akasema polepole. "Umefika. Na salamu hapana? Mu nyumba yangu, mutu anashika kamba mbele ya kushika mukono?"

Ézéchias alikuja na kesi, si na salamu. Lakini mutu akilelewa, amelelewa: shemeji anakusalimia mbele ya batu, utafanya nini? Mukono wake ulienda wenyewe. Akasalimia. Na pale pale, bila kujua, akaingia mu mchezo.

"Mulete kiti ya shemeji!" Kiti ikaletwa. "Mumupe kasikisi, ametoka mbali!"

Bakamupa ile kopo ya jukwaa. Mahali pa pombe ya ndizi, ilikuwa chai ya rangi, imepoa. Ézéchias akameza, akakunja uso.

"Hii kasikisi haina nguvu!"

"Yenye nguvu ilikunywewa na benye balifika mapema."

Salle ikaanguka kucheka. Joyeuse akangojea kicheko ipite. Ile ya kungojea aliijifunza ku atelier: bajamaa bakikuja kununua kitanda ya ndoa, baba yake anabaacha kwanza bapige kelele yote, kisha ndiyo anaanza kuongea.

"Sasa sema, shemeji. Unataka nini?"

"Haki yangu."

"Haki gani? Huyu mutoto alipokuwa internat, ulimukumbuka?"

"Nilimutumia ndizi! Mukungu muzima! Nilibeba mwenyewe ku kichwa mpaka ku mulango! Na alipougua malaria, nani alilala chini ku hospitali? Wewe? Wewe ulikuwa wapi?"

Na sauti yake ikakatika. Joyeuse akamuangalia muzuri. Macho ya ule mutu yalikuwa na maji. Hakuwa anaongea tena na yeye, hakuwa anaongea juu ya Kavira. Alikuwa anaongea na ule shemeji mwingine, mwenye hakumupa nafasi ya kusema hata neno moja.

Joyeuse, mutoto wa watu, akili ikamuambia kitu kimoja tu. Akasimama. Shemeji mwenye umemukosea hauombi musamaha umekaa. Akatoa kofia, akaishika na mikono miwili.

"Shemeji, nilikosa. Mbuzi yako niliikula. Tena sikukuita. Ni mimi nilikosa, si mutoto."

 Mama moja nyuma akasema, "Ehee," polepole, kama mutu mwenye ametolewa mwiba. Ézéchias akapangusa uso na mukono ya shati.

"Mimi nilitaka tu kuombwa," akasema.

"Basi umeombwa. Na mbuzi ni hii, chukua."

"Hapana! Hapana kabisa!" Jacob alikuwa ameshapanda jukwaa, anavuta kamba upande wake. "Hii mbuzi haioe mutu leo!"

Joyeuse akamugeukia na kofia yake kichwani tena. "Na ninyi ba upande wa mukwe, kelele ya nini? Mulikuja kuoa ao kurudisha mbuzi?"

"Mimi si wa upande wa mukwe! Niko na bibi, niko na batoto saba!"

"Kumbe bei unaijua!"

Pale salle ilikuwa imeshalala chini. Padri alikuwa anapiga magoti yake mwenyewe na mikono. Joyeuse akainua kidole, bakanyamaza, akamuita Kavira karibu.

"Mwanangu, umejionea. Mbuzi moja, kelele hii yote. Wewe mwenyewe unasema nini?"

Kavira akainua kichwa. Safari hii hakuna mama alimunyamazisha.

"Baba, ninamaliza kwanza masomo."

"Batu bote bamesikia?" Mzee Syauswa akauliza. "Kama harusi hakuna, mali inarudia mwenyewe. Shemeji, fungua mukono."

Ézéchias akafungua mukono. Jacob akabeba mbuzi yake ku kifua kama mutoto mwenye amepona, na pazia ikashuka katikati ya vigelegele.

Batu habakutaka kutoka. Padri akasimama, akasema paroisse inaomba hii club irudie tena Pasaka, na batu ba paroisse zingine baje pia, na je, Ma Sœur Préfète anakubali? Salle yote ikamugeukia Ma Sœur Élise. Alikuwa anapangusa macho na kitambaa, kama machozi ni ya kicheko ao ni ya kitu ingine hakumuambia mutu.

"Tutarudi," akasema. Mbele ya batu bote bale, na Padri shahidi.

Joyeuse, nyuma ya pazia, alisikia. Akakaa chini juu ya sanduku ya manguo. Benzake bakamurukia ku shingo.

Inje injini ya gari ilikuwa imeshawaka. Barabara ya kurudi Butembo haingojeake mutu. Ma Sœur Élise akabakuta pale pa kupandia.

"Jumatano ni yenu," akasema. "Jumamosi pia. Hesabu, Joyeuse, utakuja kuifanya kwangu mangaribi, sisi wawili."

"Mangaribi yote, Ma Sœur?"

"Yote."

Binti akafikiri kidogo. Angeweza kubishana. Lakini mwenye ameshinda mahali pamoja, aache mwenzake naye apate pa kushinda.

"Sawa, Ma Sœur."

Prof Onésime alikuwa anatafuta bic mu mifuko yote. "Joyeuse, unirudilie ile maneno ya mujomba. Ninaiandika sasa hivi, isipotee."

"Usiiandike, Prof," Joyeuse akamuambia, akiweka muguu ku gari. "Pasaka mwingine atapanda jukwaa, na yeye atakuwa na kesi yake."

Akapanda. Masharubu alisahau kupangusa; ilibaki ku mudomo mpaka Butembo.