Beki wa Akiba Niliyempa Shikamoo

Nianze kwa kukiri kabisa, maana wengine wenu mnaijua nusu ya habari hii, na hiyo nusu yenyewe mnaisimulia vibaya: ni kweli, mimi Maganga, mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni, nilisimama uwanja wa Tumbi, Kibaha, mbele ya mkuu wa wilaya na watu wote wale, kipaza sauti mkononi, nikamwambia beki wangu wa akiba "shikamoo", naye beki akaitikia "marahaba". Haya, chekeni mmalize kabisa, halafu mnipe nafasi niieleze vizuri, maana aibu ni yangu na hakuna anayeijua kuliko mimi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani pale Kibaha, nimehamishwa kutoka kwetu Tabora, na kwa sababu nilikuwa naujua mpira (nasema kuujua, sijasema kuucheza, hayo ni mambo mawili na mtayaona) wakaniingiza kwenye kamati ya michezo. Timu yetu ya mkoa ilikuwa inajiandaa kwenda mashindano ya mikoa. Mbele tulikuwa moto wa kuotea mbali, katikati hatukuwa na neno, lakini nyuma, jamani, tulikuwa na mabeki wanne tu wa maana na nyuma ya hao wanne palikuwa na upepo. Mara ya mwisho namba tatu wetu aliumia kifundo cha mguu mapema kipindi cha kwanza, tukamrudisha winga acheze beki, tukarudi nyumbani na magoli ambayo sitayataja hapa kwa heshima ya wageni. Na safari hii namba tatu huyo huyo bado alikuwa anachechemea.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Sefu wa Mlandizi, mtu mwembamba, mpole, asiyepoteza maneno. Akaniita. "Bwana Maganga, nasikia kijiji cha Mzenga, kule Kisarawe, kuna mabeki. Nenda ukawaangalie wakicheza, uniandikie nani anafaa. Sitaki sifa, nataka macho yako."

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe lala usingizi."

Na nilikuwa na sababu yangu ya kuifurahia kazi hiyo, sitawaficha. Kamati ilikuwa imeniahidi kwamba nikilimaliza hili suala la mabeki wa akiba, mimi ndiye nitakayesafiri na timu kama meneja. Traksuti yangu ilikuwa imeshashonwa, ya bluu, mgongoni imeandikwa MENEJA kwa herufi nyeupe kubwa, na mimi nilikuwa nimeshaijaribu nyumbani mara tatu mbele ya kioo (mara nne, kama mke wangu yupo hapa na anasikiliza).

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ulikuwa wa viatu. Wiki ile nilikuwa nimenunua raizoni mjini Dar, mpya, nyekundu iliyokolea, soli ndefu unaona dunia kwa juu, na suruali ya bugaluu, pana chini, ya kufagia barabara, na nikaona haiwezekani mtu mkubwa wa kamati ya mkoa aende kukagua mabeki na viatu vya kawaida kama anakwenda kupalilia. Nikapanda lori la ushirika lililokuwa linafuata korosho, na kwa kuwa vuli ilikuwa imeanza, lori likagoma kuvuka kijito kabla ya kijiji. Dereva akaniambia kwa miguu si mbali. Nikatazama maji, nikatazama raizoni.

Hapo akatokea jamaa mmoja anatoka shamba la kijiji, jembe begani, mpana, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Akanitazama, akatazama viatu, akatabasamu. "Karibu bwana mkubwa. Panda." Akanigeuzia mgongo, nikapanda, akanivusha maji yale yanayokwenda kasi bila kuyumba hata kidogo, jembe mkono mmoja, mimi mgongoni, akanitua ng'ambo kwenye majani makavu taratibu kama yai. Nikampa sigara moja, nikamwambia ahsante kijana, nikaondoka. Mwekeni akilini huyo mtu. Mimi sikumweka.

Katibu wa kijiji, Bwana Kondo, alinipokea kwenye baraza la ofisi akiwa na wazee watatu. Akaniambia vijana wanacheza saa kumi kule bondeni, twende tukakae. Nikachungulia. Bondeni kulikuwa na tope jeusi linalong'aa. Nikaona raizoni zangu zitazikwa pale bila sanda.

"Hakuna haja," nikasema. "Wewe nitajie tu wazuri, mimi naandika."

Kondo akashangaa. "Hutaki kuwaona?"

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipofunga ndoa na jeuri. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu zetu wanapita huku na mizigo kwenda pwani, na mtani hajui kunyamaza. Nikasema, "Wazaramo wa kuwaona ni wa nini? Nyinyi mpira mmeujulia wapi, si mnajua kucheza mdundiko na kula mihogo tu? Nitajieni hao wenye afadhali nikaokoe mkoa."

Wazee wakacheka. Wakacheka vizuri mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana mtani ukimtukana naye asirudishe, ujue amekwenda kuandaa. Kondo akaagiza mihogo ya nazi na samaki, akaniwekea kiti chenye mto, akasema kwa adabu, "Basi andika, mtani wetu." Nikatoa daftari. Akanitajia Salumu Chaurembo, beki wa kati, akiruka kichwa mwamba wa goli unainama. Abdala Mbonde, namba mbili, hajapigwa chenga tangu aanze kucheza. Halafu Mwinyimvua, namba tatu, huyo mawinga wa Kisarawe nzima wakisikia yupo wanaumwa tumbo. Wazee wale watatu wakawa wanaitikia, "Kweli kabisa, hasa huyo Mwinyimvua," na mmoja wao, mwenye kofia ya mkono iliyochakaa, akawa anamsifia Chaurembo mpaka machozi yakamlenga. Nikaandika yote, nikala mihogo yote, nikarudi.

Ripoti niliipiga taipu nakala nne na karatasi za kaboni. "Hali ya Mabeki wa Akiba", ndivyo nilivyoiita, na ndani nikaandika kwamba kwa upande wa ulinzi mkoa sasa hauna wasiwasi wowote. Hayo yote yangesameheka. Lakini mwishoni, kwa mkono wangu huu, nikaongeza: "Wachezaji hawa nimewaona kwa macho yangu."

Mwalimu Sefu alisoma, akaniuliza neno moja tu, "Umewaona?" Nikamjibu, "Mwalimu, unaniuliza mimi?" Akaridhika. Kwa karatasi ile akawarudisha nyumbani vijana wawili wa Mlandizi aliokuwa anawafundisha kama akiba, wa wastani lakini wapo, na barua za kuwaita wale watatu zikaenda Mzenga zikiwa na mhuri.

Siku ya mechi ya majaribio timu ya kiwanda kimoja ilitoka Dar kuja kutupima. Mkuu wa wilaya alikuwepo, viti vya mbele vimejaa, na mimi nimevaa traksuti yangu ya MENEJA na raizoni (msiniulize), nimeomba mwenyewe kipaza sauti ili niwatambulishe mabeki wapya. Lori la Mzenga likaonekana linaingia na vumbi, akina mama wanaimba juu yake, nami sikusubiri lisimame. Nikaanza kusoma sifa: mwamba wa goli unainama, hajapigwa chenga, mawinga wanaumwa tumbo, uwanja unapiga makofi, nikanguruma, "Mabibi na mabwana, ukuta wa mkoa wetu, Salumu Chaurembo!"

Kibao cha nyuma cha lori kikashushwa. Akashuka, kwa kushikwa mikono miwili, mzee wa kanzu na bakora, mwenye kofia ya mkono iliyochakaa. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wa tatu, kuku kwapani. Ni wale wazee wangu watatu wa barazani.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mkuu wa wilaya alivua miwani akaanza kufuta macho. Mzee Chaurembo akaja taratibu mpaka nilipo, akasimama mbele yangu, akaningoja. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Meneja, mwamkie beki wako!" Sasa ningefanya nini? Mzee ni mzee. Kipaza sauti kilikuwa bado kinywani.

"Shikamoo," nikasema, na spika zote mbili zikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia mzee kwa sauti ya kumtosha kila mtu. "Jezi yangu iko wapi?"

Walicheka watu mpaka wachezaji wa Dar wakakaa chini. Mimi nilikuwa bado najaribu kucheka nao, kama mtu aliyeupanga mwenyewe mchezo ule, nikageuka nikakutana na Mwalimu Sefu. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ile ripoti yangu.

"Bwana Maganga, wale wa Mlandizi nimewarudisha makwao kwa karatasi hii. Namba tatu wangu hawezi kukimbia. Uliwaona watu hawa, au hukuwaona?"

Nikamwambia, "Niliwaona, Mwalimu. Ila hawakuwa wanacheza." Hiyo ndiyo sentensi mbovu kuliko zote nilizowahi kusema, na nimesema nyingi.

Wazee wakadai faini yao ya utani, na mbele ya mkuu wa wilaya hukatai faini: nilisema Wazaramo hawajui mpira, basi namba tatu nicheze mimi niwaonyeshe. Mwalimu Sefu akatazama benchi, hakuona mtu, akanirushia jezi. Nami, wallahi, nilipokuwa navua raizoni nilijiambia huenda Mungu amenitengenezea njia, huenda nina kipaji kilicholala. Kilikuwa kimelala fofofo. Yule winga wa Dar alinipiga tobo ya kwanza nikiwa bado nafunga kamba ya viatu vya kuazima, ya pili nikiwa namtafuta, na kipindi cha kwanza kilipokwisha tulikuwa tumefungwa matatu, yote yamepita kwangu. Kila mara nilipoanguka akina mama wa Mzenga waliniimbia kwa jina.

Wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu kwenye nyasi. Hapo tena sikuwa nacheka wala sikuwa najifanya. Nilijua kwamba timu itakwenda mashindanoni na pengo lile lile la mwaka jana, na safari hii pengo limechimbwa na mimi, kwa sababu ya viatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kondo akaja akachutama karibu yangu. "Mtani, umelipa. Sasa tuache mzaha. Sisi nasi ni wa mkoa huu huu, unadhani tunapenda kufungwa? Namba tatu wako yumo kwenye lori tangu tulipofika. Tulikuwa tunangoja uombe."

"Naomba," nikasema.

Akapiga mluzi. Akaruka kutoka kwenye lori jamaa mpana, miguu mitupu, na kabla hajafika nilishamjua kwa mabega. Nilikuwa nimeyapanda mabega yale.

Kipindi cha pili yule winga wa Dar hakupita hata mara moja. Alijaribu kulia, alijaribu kushoto, akajaribu kurusha mpira juu, kila anakokwenda anamkuta mtu amesimama pale pale, hayumbi, kama siku ile kijitoni. Mwisho winga akahamia upande mwingine bila kuambiwa na kocha wake. Mwalimu Sefu alikuwa anaangalia, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wake umelegea.

Baada ya mechi nikamfuata yule jamaa, bado nina majani kichwani. "Siku ile kwa nini hukuniambia kwamba wewe ni beki?"

Akacheka bila ubaya wowote. "Hukuniuliza hata jina, bwana mkubwa."

Jioni ile tulikaa kurekebisha orodha ya safari. Nafasi zilikuwa zimejaa, jina la mwisho likiwa langu. Mwalimu Sefu aliisukuma tu karatasi mbele yangu pamoja na kalamu, nami nikajikata mwenyewe. Halafu nikavua traksuti. Kwa kuwa hakukuwa na muda wa kushona nyingine, asubuhi ya safari basi liliondoka Kibaha na mimi niko pembeni ya barabara nimevaa shati la kazini, napunga mkono, na mtu wa mwisho kupanda alikuwa namba tatu, traksuti imembana mabegani, mgongoni kwake imeandikwa MENEJA.

Raizoni nilimpa shemeji yangu. Utani naendelea nao, siwezi kuushona mdomo wangu, lakini tangu siku ile sijaandika "nimeona" kwa kitu ambacho miguu yangu haikukifuata, hata kama kiko katikati ya tope. Na yule beki anaitwa Hamisi Lugendo. Nilimuuliza mwenyewe, nikaliandika mwenyewe kwenye orodha, pale pale lilipokuwa langu.