Unasali Wapi?

Siku hizi zahanati ya kwetu Nyasho ina kazi mpya, wanaiita ushauri nasaha. Wiki iliyopita nilikaa pale kwenye benchi na mwanangu mgongoni, na kati yangu na mshauri palikuwa na pazia tu. Aliyetangulia kuingia ni mama mmoja aliyefiwa na mtoto kwa surua. Tangu azike, halali usingizi.

"Mama, unasali wapi?" mshauri akamwuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya daftari.

"Kwani dawa ya usingizi inatolewa kwa dhehebu?"

"Hapana, mama. Nauliza tu."

"Nilikuwaga nasali. Sasa ukiandika hapo kwamba nimeacha, Jumapili si nitatangazwa kanisani?"

Upepo uliinua pazia kidogo, nikamwona mshauri akifunika kalamu na kufunga daftari.

"Siandiki, mama. Nataka kujua kama una watu wa kukaa na wewe."

"Wanakuja. Wanasema Mungu kampenda zaidi. Kwani mimi nilimpenda kidogo?"

Mshauri hakumjibu kwa aya. Alimwuliza, "Mtoto aliitwa nani?"

Akalitaja jina, kisha akalia mpaka mwanangu akaamka.

Alipotoka aliniinamia akaninong'oneza, "Atakuuliza unasali wapi. Wewe angalia kalamu kwanza."

Mpaka leo sijui kama kumwuliza mgonjwa dini yake ni tiba au ni upelelezi. Ila zamu yangu ilipofika niliangalia, na kalamu ilikuwa bado imefunikwa.