Programu zilizosafiri kwa lori

Wakati wa vita, sisi marafiki wanne pale Butembo, mashariki mwa Kongo, tulikuwa na kompyuta moja, kwenye chumba cha parokia, na jenereta ilituwashia saa moja tu kila alasiri. Donc programu zetu za BASIC, lugha ya kompyuta, tuliziandika kwanza kwa kalamu, na kila mmoja alisahihisha daftari la mwenzake kabla ya kugusa mashine.

Mwalimu mmoja wa hesabu wa mji jirani wa Beni alisikia habari zetu. Akaanza kututumia programu zake kwenye karatasi, kupitia dereva wa lori aliyezificha chini ya kiti, askari wa vizuizini wasije wakadhani ni siri za kijeshi. Tulipoziingiza kwenye mashine, zilifanya kazi karibu kila mara. Zetu zilipokwama tulimpelekea, naye akatuandikia kosa liko mstari gani. Tulimwita "fundi mukubwa", na mimi nilimwonea wivu kidogo.

Siku moja barabara ilitulia, akafika mwenyewe: mama mfupi, viatu vimejaa vumbi. Tukampisha kiti. Akaitazama mashine, akacheka kwa haya.

"Banawashaka wapi? Mimi sikugusaka hii kitu hata siku moja. Nilisomaka tu mu kitabu."

Tulipiga kelele za furaha mpaka padri akachungulia mlangoni. Nikamwonyesha kitufe cha kuwashia. Akaandika programu yake kwa kidole kimoja, polepole, na skrini ikamuuliza: "Jina yako ni nani?"

"Mais ni mimi niliandika ile!" akasema, akijipangusa macho.

Siku ile tulimwachia saa yote ya jenereta.